Mwalimu Aliyefanya Mlima Uitike: Keneuoe 'Makananelo Phafoli (1951–2023)

Ndugu wafiwa, walimu wenzake, wanafunzi wake wa tangu enzi za betri za gari, nanyi majirani wa Ha Nkalimeng: marehemu aliagiza wasifu wake usomwe na wifi yake Moroesi, si na profesa yeyote. Alisema Moroesi ana mdomo, atasikika hadi zizini bila kipaza sauti. Basi wifi huyo ndiye aliyesimama mbele yenu, na mengine yaliyoandikwa humu yanamwaibisha yeye mwenyewe. Atayasoma hivyo hivyo.

Keneuoe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji cha Ha Ramokoatsi, wilaya ya Mokhotlong, binti pekee wa mzee Mosehle, mchimba madini. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alirudi kutoka migodini na redio ya mbao. Kwa chifu redio hiyo iliongea vizuri. Kwao, hatua mia mbili tu chini ya mwamba, ilikoroma. Wakubwa wakasema redio ina majivuno, inapenda wakubwa wenzake. Mtoto akaibeba kichwani, akazunguka nayo kijiji kutwa nzima, akiweka jiwe kila mahali iliposema. Alichapwa kwa kumaliza betri. Wiki hiyo hiyo baba yake alihamishia kiti chake kwenye mawe ya binti yake, na hakukiondoa tena.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, akaendelea na sekondari mjini Maseru alikomaliza mwaka 1971. Mwaka 1972 alikwenda Lusaka kusomea uhandisi wa umeme, mwanamke mmoja darasani kati ya wanaume thelathini na wanane. Alirudi na shahada mwaka 1976. Baadaye, kati ya 1981 na 1983, alisoma Ireland shahada ya pili kuhusu mawasiliano yasiyotumia waya, na huko, kwa maneno yake, alijifunza mengi kuhusu mawimbi na kila kitu kuhusu mvua.

Alianza kufundisha chuo cha ufundi mwaka 1977, akahamia chuo kikuu mwaka 1984, na hapo alifundisha hadi alipostaafu 2014. Utafiti wake wote ulikuwa juu ya swali moja: sauti ya mtu itavukaje mlima? Wanafunzi wake mnajua mtihani wake. Aliwapandisha farasi na betri mgongoni, mkaenda bonde ambalo hamjawahi kuliona, mkapiga simu ya upepo mliyoiunda wenyewe. Upande wa pili aliketisha bibi kizee wa kijijini, na bibi ndiye aliyetoa maksi. Mwanafunzi akileta hesabu zake kuonyesha kwamba mawimbi yamefika, Mwalimu alimjibu, "Mawimbi kufika ni kitu kimoja. Bibi amekuelewa?" Wapo mainjinia wakubwa hapa leo waliofelishwa na bibi asiyejua kusoma.

Tarehe 8 Desemba 1979 aliolewa na Tefo Phafoli, mtu wa kuchambua sufu ya kondoo kwa ubora wake, mpole ambaye hata kondoo humwonea. Kama ilivyo kwetu, alichinjiwa kondoo, akavishwa blanketi, na mama mkwe wake, 'Matefo, akampa jina la ukweni: 'Makananelo, yaani Mama Kananelo. Mtoto anapewa jina kabla mimba yake haijatungwa, naye akija analikuta linamsubiri. Kananelo maana yake ni shukrani.

Kananelo hakuja. Mwaka wa kwanza watu walivumilia, mwaka wa tatu wakaanza kuhesabu. Tuseme kweli, kwa sababu marehemu alitaka kweli: aliyemchoma zaidi ni wifi yake, dada wa Tefo. Kila alipokuja likizo, Moroesi alimpokea mlangoni na kumuuliza, "Kananelo hajambo? Mbona humleti atusalimie?" Watu wakacheka. Mwalimu alicheka nao, kisha akaenda kuchota maji akachelewa kurudi. Mungu atusamehe wenye midomo.

Mwaka 1986 yeye na wanafunzi wake walisimamisha mnara wa redio juu ya mlima Thaba-Khubelu, ili zahanati za milimani ziweze kuongea na daktari Maseru. Vyuma vilipandishwa na punda kumi na mmoja. Chombo cha mnarani kikimpata mtu anayeita, kwanza hulia mara tatu kwenye simu yake, ndipo humpitisha. Fomu ya usajili ilitaka jina la kuitia kituo. Mafundi walipendekeza Kituo Namba Tatu. Mwalimu alichukua kalamu akaandika: Kananelo.

Habari ilifika hapa ukweni kwake kabla yake. Baba mdogo Khahliso, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alipandwa na hasira. "Jina la mtoto wa Phafoli limepewa bomba la chuma!" alisema, na ndilo neno lililozunguka majumbani. Mwezi wa nne mwaka 1988 kikao cha ukoo kiliamua kwamba majira ya baridi yakiisha bila mimba, Tefo ataoa mke wa pili, na jina la 'Makananelo litavuliwa na kupewa huyo mpya. Tefo alisema hataki. Hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu alimwambia mumewe kwamba nyumba wanaweza kuchukua, hata viti wachukue, lakini jina hilo ameliitikia miaka minane na hajui tena kuitika jingine.

Wakati huo Moroesi, bingwa wa kuuliza watoto wa wenzake wako wapi, alikuwa na mimba ya miezi sita nyumbani kwao, na aliyempa mimba alikuwa amekwisha kukimbilia migodini. Msicheke sana, mtoto mwenyewe ameketi hapo.

Uchungu ulimshika tarehe 10 Julai. Theluji ilikuwa imefunga njia, ndege haiwezi kutua. Asubuhi ya siku ya tatu walimfikisha zahanati kwa machela, na nesi Limakatso akaona mkono wa mtoto umetangulia. Nesi alikuwa na miaka ishirini na tatu, hajawahi kukutana na jambo hilo. Akakimbilia simu ya upepo.

"Kananelo, Kananelo, hapa Ha Nkalimeng. Unanipata?"

Redio ilikoroma tu. 'Matefo alikuwa ameketi sakafuni, blanketi kichwani. Aliinua uso. Miaka minane alikuwa akilingoja jina hilo, na sasa mtu baki alikuwa akiliita kwa sauti ya kulia. Nesi akaita tena. Mara ya tatu chombo kikalia, mara moja, mbili, tatu.

"Analia," nesi alisema. "Kananelo analia. Tumepona."

Daktari akaja hewani. Pamoja naye alikuwapo Mwalimu, maana betri ya zahanati ilikuwa dhaifu tangu theluji ianze, na ni yeye aliyejua namna ya kuitumia isiishe. Moroesi aliposikia sauti ya wifi yake alianza kupiga kelele, akimwomba msamaha wa mambo yote tangu mwaka wa themanini. Sauti ikamkatiza: "Moroesi, ni mimi. Nimeshakusamehe, sasa nyamaza, betri ni ya daktari." Ndiyo mara ya kwanza Moroesi kunyamazishwa na mtu akatii. Kwa saa mbili daktari alielekeza, nesi akafuata, na saa saba mchana mtoto wa kiume alizaliwa hai. Mama yake ni mimi, na ninyi mnaniona.

Siku ya kumpa mtoto jina, baba mdogo Khahliso alikuja na suluhisho lake. Mtoto hana baba, alisema. Basi aitwe Kananelo, apewe mke wa Tefo amlee, jambo liishe. Moroesi alikuwa tayari. Mwalimu, aliyekuwa amefika siku ile kwa ndege ya zahanati, aliinamisha kichwa. Hakuna mtu aliyemtakia mabaya, lakini hakuna aliyemuuliza pia.

Ndipo 'Matefo aliposimama. "Jina hilo lina mwenyewe," alisema. "Kananelo nimemsikia akilia kwa masikio yangu haya. Aliitwa, akaja, akatuokolea watu wawili. Wewe Khahliso hukuwepo. Mtafutieni huyu jina lake."

Mtoto akaitwa Lehloa, kwa theluji ile. Habari ya mke wa pili haikutajwa tena, na 'Matefo, hadi alipofariki mwaka 1999, kila alipopita zahanati aliingia kumuuliza nesi kama mjukuu wake anaendeleaje.

Novemba 2022 Mwalimu alipata kiharusi. Alitibiwa Maseru, akarudishwa nyumbani Machi, na alfajiri ya Jumamosi tarehe 3 Juni 2023 alituaga akiwa ameshikwa mkono na Tefo. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Rasimu ya ratiba ya leo ilipoletwa, paragrafu ya mwisho iliandikwa kwamba marehemu hakujaliwa mtoto. Wifi yake aliikata kwa kalamu nyekundu, akairudisha kwa mchapaji. Sasa inasomeka hivi:

Marehemu ameacha mume, Tefo Phafoli, kaka wawili, Sekake na Mohau, wifi, Moroesi, mpwa, Lehloa, pamoja na watoto wawili wa Lehloa, wanafunzi zaidi ya elfu mbili, na mtoto mmoja, Kananelo, mwenye umri wa miaka thelathini na saba, anayeishi Thaba-Khubelu na ambaye hakuweza kuhudhuria mazishi kwa kuwa yuko kazini.

Lala salama, Mama Kananelo.