Bi. Mbeyu Tsuma na Vijiji Vilivyorukwa na Kompyuta

Tarehe 30 Juni 1999, Bi. Mbeyu Tsuma atastaafu baada ya kuwaandika watoto wa Pwani Kusini kwa miaka thelathini na mmoja.

Alitoka Taru mwaka 1968, akaanza kazi ya karani wa rejista katika zahanati moja karibu na Msambweni. Mradi wetu wa chanjo ulipomchukua, alikuja na mwandiko safi na kumbukumbu ya kutisha. Mama akisahau tarehe ya chanjo ya mwanawe, Bi. Mbeyu humkumbusha, na humtajia hata mvua iliyonyesha siku hiyo.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka 1996, aliishonea kitambaa cha kuifunika, akawakataza wenzake kuigusa kwa mikono yenye mafuta ya mahamri. Wengi walidhani ataishia hapo. Kumbe kufikia mwisho wa mwaka alikuwa ameingiza vijiji vyote kwenye lahajedwali, kila kijiji na idadi ya watoto wake.

Nilipoajiriwa mwaka 1998, mimi ndiye niliyeandika makro, yaani programu ndogo ndani ya lahajedwali, ya kujumlisha dozi. Ukichagua vijiji kwa kipanya na kubonyeza kitufe kimoja, jumla hutoka. Niliijaribu kwa vijiji vinavyofuatana, nikaridhika, nikajisifu kidogo.

Aprili 1998 surua ikazuka Bodo na Majoreni. Katika jedwali letu, vijiji hivyo havifuatani. Nikachagua Bodo, nikashikilia kitufe cha Ctrl, nikachagua Majoreni. Vyote viwili vikaonekana vimechaguliwa. Karatasi ikatoka: dozi 180. Muuguzi Hannah akapakia masanduku ya baridi, dereva akawasha gari.

Bi. Mbeyu aliitazama karatasi ile, akatoka nje kumwomba dereva angoje. Kisha akarudi kwangu na rejista yake kuukuu.

“Bodo peke yake ina watoto mia na themanini,” alisema. “Wa Majoreni watachanjwa kwa dozi zipi, Mulinge?”

Nilimjibu kwamba kompyuta haikosei. Hakubishana. Aliniomba nianze na Majoreni, kisha Bodo. Ikatoka 212. Hapo tukaelewa sote: visanduku vya jedwali visivyopakana vikichaguliwa pamoja, makro yangu ilisoma kundi la kwanza tu na kuyaacha mengine. Akajumlisha kwa kalamu, 392, na gari likaondoka na dozi za kutosha. Jioni Hannah alirudi na habari kwamba hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani bila chanjo.

Nilitaka kukwepa kazi kwa kuvipanga upya vijiji ili vikae pamoja. Alikataa kwa upole.

“Surua haifuati mpangilio wa jedwali, mwanangu.”

Basi tukakaa siku mbili na kitabu cha maelekezo, hadi makro ikajifunza kupita kundi moja baada ya jingine na kujumlisha yote. Nikadhani tumemaliza. Yeye akachagua Bodo mara mbili makusudi, na dozi zikawa maradufu. Tukakaa siku ya tatu.

Katika ripoti yake aliandika kwamba kasoro ilionekana ikarekebishwa. Hakuandika kasoro ni ya nani. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, na mkataba wangu ulikuwa karibu kuamuliwa. Sikumwomba anifiche, wala yeye hakuligusia tena jambo hilo. Leo nalisema mwenyewe, kwa kuwa ni haki yake lijulikane.

Sasa Bi. Mishi ndiye anayeishika rejista, naye amekwisha kuonywa kuhusu mahamri.

Bi. Mbeyu, shikamoo, na ahsante kwa yote. Nenda Taru ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na Mwenyezi Mungu akujaalie afya na umri mrefu. Sisi wenzako tunakupenda.

Mulinge, Idara ya Takwimu