Bi Rawiya na Sauti Aliyoibiwa

Tarehe 30 Juni, Bi Rawiya Idarus anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu ya hapa Amu, mji wa Lamu, kwa miaka ishirini na sita.

Wengi wanamjua kwa riwaya zake nne. Sisi tunamjua kwa Ijumaa zake: dakika kumi na tano za mambo ya dunia, sayansi na teknolojia. Aliwahi kueleza mzunguko wa setilaiti kwa sinia, chungwa na punje ya pilipili manga, akasahau kabisa kwamba redioni haonekani.

Mwaka jana ilizuka surua. Chanjo ilipofika kisiwani Pate, tayari klipu ilikuwa imeenea kwenye simu: sauti ya Bi Rawiya ikionya kwamba chanjo hiyo inaua watoto. Hakuwahi kusema hivyo. Mtu asiyejulikana alikuwa ameiiga sauti yake kwa kompyuta. Kina mama wakawafungia wauguzi milango.

Tulimshauri akanushe hewani. Alikataa; nani angejua ipi ni sauti ya kweli? Akapanda boti na fundi mitambo wetu, Crispus, hadi kijijini huko Pate kwa Bi Mwanamkisi, mama wa watoto watatu aliyekuwa mstari wa mbele kukataa.

“Ni wewe,” Mwanamkisi alimwambia. “Nakusikiza tangu nikiwa msichana. Siwezi kukosea.”

“Sauti ni yangu, mwanangu. Maneno si yangu.”

Akamwomba Mwanamkisi ruhusa ili Crispus amrekodi kidogo. Crispus akaiiga sauti hiyo kwa programu, na baada ya muda mfupi simu yake ikatamka, kwa sauti ya Mwanamkisi, kwamba amehamia Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, na ameolewa na rubani.

“Subhanallah! Huyo ni mimi! Na sijasema!” Majirani walicheka hadi machozi. Kisha kicheko kikaisha, Mwanamkisi akawatazama watoto wake. “Muuguzi yuko wapi?”

Kufikia Jumapili iliyofuata watoto mia mbili na kumi walikuwa wamechanjwa. Surua iliingia kijijini wiki tatu baadaye. Wachache waliougua walipona wote. Muuguzi alipotupigia simu kutuarifu, Bi Rawiya alikaa sakafuni studioni, akalia kwa furaha.

Tulipomuuliza anajisikiaje kuondoka, alijibu: “Alhamdulillahi. Sasa naweza kukosea bila nti (nchi) nzima kunisikia.”

Ahsante, Bi Rawiya. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na Ijumaa zilizo zako mwenyewe.