Asiyekufa na Kitindamimba

Fundi saa hakuwa na nia ya kudukua mazungumzo ya watu, lakini behewa lilikuwa nusu tupu na sikio halina pazia. Mbele yake muuguzi alikuwa amezama katika riwaya nene kama tofali, mpaka bibi aliyeketi kando yake akamuuliza inahusu nini.

"Mtu aliyekunywa maji ya uzima, bibi. Ana miaka mia nane na hafi. Ameshazika wake saba, inaliza kweli! Lakini mimi ningeyanywa tu. Kazini nimechoka kufunika watu shuka mpaka usoni."

"Mie kwetu ni kitindamimba," bibi akasema. "Tulikuwa tisa, wenzangu wote nimewazika. Na kinachouma si makaburi, mwanangu. Siku hizi nikisema nilikuwa mrembo kuliko dada zangu, hakuna wa kunibishia."

"Basi si umeshinda, bibi?"

"Nimemshinda nani?"

Muuguzi akarudi kitabuni. Fundi saa akatazama viatu vyake. Yeye hula chakula chake peke yake, katikati ya saa za watu, kila moja ikisema lake.

Treni ikaanza kupunguza mwendo.

"Na kuimba je!" bibi akasema kwa sauti, bila kumwangalia yeyote. "Niliwashinda wote wanane." Kisha akasubiri, kama mtu aliyebisha hodi.

Treni ikasimama. Fundi saa alikuwa na neno moja ulimini, "Muongo!", lakini kituo kilikuwa chake, akashuka nalo.