Alton Greenlaw na Shaba ya Melantha

Sogeeni karibu jamani, mliosimama mlangoni ingieni, wa kukohoa akohoe sasa, maana mume wangu amesemwa miaka thelathini na leo naomba asikilizwe mara moja tu.

Marehemu Alton Greenlaw alizaliwa tarehe 4 Machi 1893 hapa Deer Isle, Maine, akasoma hapa hapa hadi darasa la sita, na mwaka 1911 akaajiriwa, kama vijana wengi wa kisiwa hiki, kwenye meli ya starehe ya Bwana Thayer Lathrop, Melantha, meli ya mvuke nyeupe pe, ambako kila asubuhi kabla ya kunywa chochote walisugua shaba zote mpaka zing'ae.

Tulifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1914, majira ambayo meli za matajiri zimelala, tukajaliwa Thirza na Ruel.

Mwaka 1917 jeshi la wanamaji liliichukua Melantha kwa ajili ya vita, ikapakwa kijivu, ikafungwa mzinga mbele na mabomu ya kuulia nyambizi nyuma, Bwana Lathrop akawa kapteni na mabaharia wake wakabaki naye. Tarehe 8 Agosti 1918 walimngojea mkubwa wa kukagua, basi Bwana Lathrop akapita akifoka, "Greenlaw, nataka nione ndevu zangu kwenye kila shaba!" Alton akamuuliza, "Hata vifuniko vya mabomu, Kapteni? Vina vitundu, dawa ya kusugulia itaviziba, na maji yasipoingia bomu halilipuki." "Shaba ni shaba, bwana wewe. Sugua!"

Akasugua. Kesho yake nyambizi ikaivamia meli ya mizigo waliyokuwa wakiilinda, wakatupa mabomu manne, hata moja halikulipuka, na watu kumi na mmoja wakazama.

Kwenye uchunguzi Bwana Lathrop alikana kutoa amri, na mpishi Merle Weed, aliyekuwa hatua tatu kutoka pale, akasema hakusikia kitu, kwa kuwa aliitaka kazi yake vita vikiisha. Lathrop akapewa nishani, Alton akafukuzwa, na huku dukani mkamwita, "Alton, njoo unisugulie kitasa, ila usituue!" Mlicheka sana, na leo mmevaa nyeusi.

Aliugua kifua tangu Januari 1948. Merle akaja kumlilia kitandani, "Alton, nilisikia." "Najua, Merle, ulikuwa umeshika sufuria ya viazi. Kawaambie na wengine." Hakuwaambia, na tarehe 12 Novemba, saa kumi alasiri, Alton akafariki.

Namshukuru Daktari Noyes, majirani walioleta kuni na maharagwe, na mabaharia wenzake, hata waliochelewa. Lala salama, baba Thirza, hapa hawakufikii tena.

Nyumba ameachiwa Thirza, mashua na mitego ya kambakoche ni ya Ruel. Na wewe Merle Weed, benchi la tatu, ndiwe peke yako uliyebaki uliyeisikia amri ile kwa masikio yako. Huo ndio urithi wako, kaa nao.