Taa wa Rozalia Amegoma Kula

Kijiwe cha kahawa cha Ujiji, kwenye kona ya barabara inayoshuka ziwani, kilikuwa na benchi moja refu lililokosa mguu, likaazimwa tofali. Mwaka ule watu walikuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, wakifikia uwanja wa mpira kabla ya kupelekwa makambini, kwa hiyo benchi halikukosa habari nzito. Lakini asubuhi ile Rozalia alipotokea macho mekundu, habari nyingine zote zilikaa pembeni. Rozalia alikuwa mlisha samaki kwa Bwana Benedict, yule aliyesafirisha samaki wa mapambo kwenda Ulaya. Ndani ya tangi moja la kioo alikuwemo mgeni aliyeletwa kwa ndege: taa wa maji baridi, samaki bapa kama chapati, mkia mrefu wenye mwiba. Bosi alipoondoka kwenda Dar alimwachia Rozalia neno moja tu: “Huyu akifa, na wewe urudi kwenu Kidahwe ukalime.”

– Shikamooni wazee. Bado hajala.

– Hajala! Telesphory, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuzimika, aliweka kikombe chini. Jamani! Watu wanapanga foleni ya unga wa njano, samaki anakataa minyoo? Tena minyoo ya kuchimbiwa?

– Na dagaa kakataa, alisema Rozalia. Namwekea mbele ya mdomo, hata hageuki.

– Mimi nilisema tangu mwanzo, alidakia Mtanga, karani wa forodha aliyehamishiwa Kigoma na hajaacha kulalamika. Taa ni wa baharini. Ana kiu ya chumvi huyo. Nimeleta ya Uvinza, kamwagie.

Rozalia aliupiga kofi mfuko wa chumvi aliokuwa akinyooshewa.

– Weka mbali! Huyu ni taa wa mtoni. Unataka kumkausha kama dagaa?

– Mtanga, kwani kwenu taa mnamlisha au mnamla? aliuliza Pastory. Huyu aliitwa Daktari, maana aliwahi kulinda geti la hospitali.

– Tunamla. Kwa tui la nazi.

– Basi nyamaza bwana, unamtisha mgonjwa wetu.

Redio alikohoa, dalili kwamba taarifa ya habari inaanza.

– Sikilizeni. Ni mizinga. Ng'ambo kule wanapigana, na maji yanabeba mshindo.

– Acha fiksi! alisema Mtanga. Tangi liko sebuleni.

– Na maji ya tangi yamechotwa wapi?

Benchi likaduwaa. Hata Rozalia alishtuka, akajiona mjinga kwa kuchota maji ziwani bila kuyauliza yametoka upande gani.

– Hapana, alisema Daktari. Mimi nimemsoma usoni. Yule ana mke alikotoka. Atafutiwe kuhe jike, samaki wa ziwa letu hili, mnene, wa Mwamgongo.

– Kuhe na taa! Mtoto atatokaje?

– Atatoka kuhe aliyekanyagwa.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Rozalia hakucheka. Alikuwa akiliona jembe.

– Lakini hatujamtupa, Daktari aliongeza kwa upole. Mgonjwa ni kujuliwa hali. Asubuhi tunakwenda sisi, jioni akina mama wa sokoni, jana imekwenda kwaya nzima. Mimi mwenyewe nagonga kioo, napiga hodi kistaarabu, nammulika tochi machoni. Haitiki!

– Na mimi nimetoa mchanga wote na mawe, alisema Rozalia, maana wageni walilalamika hawamwoni vizuri. Sasa kalala kwenye kioo kitupu, anahema mbiombio.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja mgeni, kitenge chake kimefifia magotini. Alikuwa ametoka kule uwanjani kutafuta kahawa, na tangu akae walikuwa wakimtupia macho kwa zamu.

– Mutusamehe, wazee, alisema. Uyo samaki, mukifika wote kumwangalia, anajifichaka wapi?

Redio alimgeukia Daktari.

– Anajificha... Daktari alianza. Mgonjwa ajifiche kwa nini?

– Siye siku za kwanza watu wa mji walisimama kwenye waya kutuangalia. Watu wazuri. Walileta ndizi. Mimi nilishindwa kumeza.

Daktari, ambaye siku ile alikuwa amebeba mkungu mzima kichwani, alitazama ndala zake. Rozalia alikuwa ameshasimama, anafungua kanga ya mabegani huku anakimbia.

Alirudi jua limesimama utosini, mabega wazi, mikono ina mchanga mpaka kwenye viwiko.

– Nimemrudishia mchanga wake. Nikafunika kioo kwa kanga, nikatupa minyoo, nikakaa nimempa mgongo. Baadaye nikachungulia kwenye pindo. Kajifukia mwili wote, nimeona macho mawili tu.

– Na minyoo?

– Haipo.

– Haipo! Benchi zima liliruka, tofali likateleza. Kala! Redio akashika kofia. Twendeni tukamwone!

Walikuwa wameshafika barabarani Daktari aliposimama ghafla. Aligeuka, akamwona yule mama akiwa peke yake mwishoni mwa benchi, kikombe cha kahawa mkononi, bado hajaionja.

– Rudini, alisema.

Walirudi mmoja mmoja, wakakaa. Mama akainua kikombe taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu afike, wote wakatazama upande wa pili.