Anatoli Ntabaye, Mpanda Maua wa Buzebazeba (1950–2025)

Baba Paroko, majirani wa Buzebazeba, wageni wetu kutoka Ujiji na Kidahwe, nanyi mliovuka kwa boti kutoka Mwamgongo ili kutushika mkono, mimi ni Gasper Ntabaye, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu. Familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ikanipa karatasi mbili na onyo kwamba nisiongeze neno, na ninyi mnaonifahamu mnajua onyo hilo litaishia wapi.

Kaka yetu Anatoli alizaliwa tarehe 14 Agosti 1950 katika kijiji cha Kidahwe, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Martini Ntabaye na marehemu mama Recho, na kati ya hao watano nimebaki mimi peke yangu, niliye kitinda mimba. Alibatizwa mwaka huohuo, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule hakuwahi kulia isipokuwa amenyanyuliwa kutoka kwenye udongo, kwa hiyo wakamwacha atambae humo mpaka magoti yakawa magumu.

Kwa upande wa elimu, alianza darasa la kwanza hapo Kidahwe mwezi Januari 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa wastani katika hesabu, mzuri katika hati ya mkono, na wa mwisho kabisa katika mbio, maana alikuwa akisimama njiani kuangalia vitu.

Tarehe 1 Machi 1969 aliajiriwa na reli kama kibarua wa njia, na mwaka uliofuata akahamishiwa stesheni ya Uvinza kuwa mbadili njia za treni, na hapo ndipo maua yalipomkuta. Stesheni masta wa wakati ule alikuwa mtu mkali asiyevumilia abiria achungulie dirishani na kuona vumbi tupu, akaamuru kila mfanyakazi awe na tuta lake la maua kando ya jukwaa, na wenzake kaka walipoona ni adhabu, yeye aliona amepewa zawadi. Mwaka 1971 bwana yule alipohamishwa alimwachia kaka kiberiti kimoja kilichojaa mbegu, humo mna zinia, kosmosi, upanga wa jogoo na yale maua ya saa kumi yanayofunguka jua likianza kupoa, na tangu siku ile mpaka mwaka jana, miaka hamsini na mitatu, mbegu zile hazikukosa udongo hata msimu mmoja.

Naomba niseme jinsi alivyofanya kazi yake, kwa sababu wengi tulikuwa tunapita tu na kusema maua ya Anatoli yamependeza, kana kwamba yalikuwa yanajipendezesha yenyewe. Mvua za Novemba zikishatulia alisia mbegu kwenye makopo ya samaki yaliyotobolewa chini na kujazwa mchanga wa ziwani uliooshwa matope yake yote na kuchanganywa na majivu kidogo, akaunyunyizia maji kwa vidole ili matone yasifukue mbegu, na miche ikifikisha majani manne aliihamishia kwenye matuta jioni, kamwe si asubuhi. Yalipochanua alipita tuta kwa tuta akichagua ua moja bora kuliko yote, akalifunga uzi mwekundu kwenye shina, na hilo halikuchumwa na mtu yeyote, awe paroko, awe bibi harusi, kwa sababu hilo lilikuwa la mbegu na lazima likauke likiwa limesimama. Mbegu zake alizianika kwenye ungo kivulini, akazifunga kwenye vipande vya daftari na kuandika jina, rangi na mwezi kwa ile hati yake nzuri. Hakuuza hata punje. Aliyeomba alipewa, kwa sharti moja, kwamba msimu ukiisha arudi na mbegu za kwake na aseme bila aibu ni zipi zilizomshinda.

Tarehe 20 Novemba 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu Rozalia hapa Kigoma, na shada la bibi harusi, la maua aliyoyamwagilia kiangazi chote, alilibeba bwana harusi mwenyewe kwa treni kutoka Uvinza, limewekwa kwenye ndoo ya maji, huku yeye amesimama safari nzima ili abiria wasiikanyage. Mungu akawajalia watoto watatu, Honorata aliyezaliwa mwaka 1978, Jeremia mwaka 1981 na Bariki mwaka 1986, na wajukuu saba. Familia ilihamia Buzebazeba mwaka 1994, kaka akastaafu mwaka 2005, na kwa miaka yote hiyo vita pekee iliyojulikana ndani ya nyumba ile ilikuwa ya uwanja, kwa sababu shemeji alisema maua hayaliwi na ardhi nzuri namna ile ingetosha maharage ya mwaka mzima, naye kaka akijibu kwamba maharage hayasalimii wageni. Hatimaye walipatana maharage yakae nyuma na maua yakae mbele, lakini sisi tuliotembelea tuliona kila mwaka maua yakiwa yamezunguka kona ya nyumba kwa hatua moja zaidi, na shemeji akijifanya haoni.

Nimesema sisi tuliotembelea, na hapo karatasi ya familia inanisitiri, kwa maana mimi sikutembelea. Kutoka kwangu Ujiji mpaka kwa kaka ni mwendo wa bajaji tu, lakini mtu ana shule, halafu ana kustaafu, halafu ana nyumba ya kumalizia, na kila wiki nilisema wiki ijayo, mpaka nikawa namwona kaka yangu Krismasi na kwenye misiba kama hii. Hatukuwa na ugomvi wowote, na ingekuwa afadhali ungekuwepo, kwa sababu ugomvi watu huuitia wazee wakausuluhisha, lakini uvivu wa ndugu hakuna anayeuitia kikao.

Tarehe 18 Aprili mwaka jana, 2024, kaka alipatwa na kiharusi kilichomchukua mkono wa kulia na sehemu ya ulimi, akalazwa hospitali wiki sita. Tulipoambiwa kwamba ataruhusiwa tarehe 1 Juni, nilifika hapa nyumbani siku moja kabla ili kuandaa mapokezi, shemeji na watoto wakiwa hospitalini, na nilichokikuta mbele ya nyumba kilinitia aibu kubwa, kwani palikuwa na vijiti vya kahawia vimesimama kiunoni, majani yaliyosinyaa, vichwa vya maua vilivyokauka, na nyuzi nyekundu zimefungwa huku na huku, ambazo nilidhani ni michezo ya wajukuu. Miaka thelathini na miwili nimekuwa mwalimu wa usafi, waliopita mikononi mwangu wanajua sikuwahi kusamehe jani lililodondoka, na kwetu sisi mgonjwa harudishwi kwenye pori, uwanja hufagiwa mpaka uonyeshe mistari ya ufagio. Nikavua shati, nikafyeka, nikakusanya, nikachoma, nikafagia, na jua lilipozama ungeweza kumwaga unga pale chini na kuuzoa.

Kesho yake kaka akateremshwa kutoka kwenye gari, akasimama akiwa ameegemea bega la Jeremia, akautazama uwanja kwa muda mrefu sana. Halafu akanigeukia, akanishukuru kwa Kiha cha nyumbani, neno kwa neno kwa ule ulimi mzito, akasema, "Gasper, umefagia vizuri." Mimi nikafurahi, Mungu anisamehe, nikarudi Ujiji nikiwa na kifua mbele.

Wiki moja baadaye shemeji Rozalia ndiye aliyenieleza taratibu, huku anachambua maharage na bila kuniangalia, kwamba vile vijiti vyenye uzi ndivyo vilivyokuwa vimebeba mbegu. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu huyo alinikalia shingoni, kwa sababu nilielewa kwamba nimekiteketeza kile kiberiti cha mwaka 1971 chote, kwa mkono wangu na kwa kujisifu. Niliingia ndani kwa kaka kuomba radhi, nikaishia kuuliza tu kama kuna chochote kilichobaki, naye akanitazama akasema, "Tutatafuta. Anza na Ujiji."

Basi nikaanza na Ujiji, kwa Bi Mwasiti, ambaye leo amekaa pale na kanga yake ya buluu, naye alinipokea kwa chai na kashata kabla hajaniuliza shida, kisha akasema, "Mwalimu, mbegu za kakako ni amana, nazo amana hurudi kwa mwenyewe, lakini zinia ya njano ilinishinda, umwambie hivyo hivyo, usinisitiri." Jumamosi iliyofuata nikapeleka kosmosi zake pamoja na maungamo yake, kaka akacheka upande mmoja wa uso, akaniambia niende Kidahwe, na Jumamosi iliyofuata akaniambia nirudi Kidahwe kwa mtu mwingine, na mwezi wa Agosti akaniambia zinia ya njano iko kwa mwalimu Alphonce, kule Mwamgongo. Wote mnajua ninavyoliogopa ziwa, nimezaliwa mkoa huu na sijawahi kulizoea, lakini nilipanda boti, nikatapika kuanzia Kibirizi mpaka nikaona vilele vya Gombe, nikarudi na zinia ya njano imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya kofia yangu.

Kila Jumamosi nilikuja kutoa taarifa, na kila Jumamosi taarifa ilikuwa fupi na siku ilikuwa ndefu, kwa hiyo tuliongea. Ulimi wake ulikuwa unachoka, tukawa tunakunywa chai, halafu tunaongea tena, na hapo ndipo nilipopata kujua kwamba mwaka 1965, mbuzi wa baba alipopotea nikiwa ndiye mchungaji, fimbo zile alizila yeye kwa kusema ndiye aliyefungua zizi. Nilikuwa nimeishi miaka karibu sitini nikiamini kwamba baba alisahau. Tarehe 9 Novemba tulisia mbegu, yaani mimi nilisia na yeye alinigombeza kutoka kwenye kiti, na mwanzoni mwa Januari mwaka huu zinia ya kwanza ilichanua, ya njano, na mkono wake wa kushoto ndio uliofunga uzi, kwa kuhangaika karibu nusu saa, akakataa asisaidiwe.

Kiharusi kilirudi usiku wa tarehe 2 Machi, akapelekwa hospitali, na tarehe 5 Machi 2025, siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, kaka yetu Anatoli akaiaga dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mara zote mbili kwa upole, na hasa wale waliomfundisha kushika kijiko upya. Tunawashukuru majirani wa Buzebazeba ambao tangu Jumatano hawajazima moto wa jikoni kwetu, wazee wenzake wa reli ambao wamembeba leo mabegani ingawa wengine wao wanahitaji kubebwa, jumuiya yake, kwaya, na ndugu zetu Waislamu wa Ujiji waliofika wa kwanza na kuchimba kaburi pamoja na vijana wetu.

Mtu wa mwisho ninayemshukuru hayumo kwenye karatasi. Juzi Alhamisi nilimwomba shemeji Rozalia tarehe kamili ya ndoa, akaenda chumbani akatoka na sanduku la bati ambamo huweka vyeti, na chini ya cheti cha ndoa nikaona vifurushi vya karatasi za daftari, kumi na vitatu, kila kimoja na jina, rangi na mwezi kwa ile hati nzuri ya mkono wa kulia, Machi 2024. Kaka alikuwa ameshavuna. Alikuwa amevuna mwezi mzima kabla hajaugua, na nilichokichoma mimi yalikuwa mabaki. Nilimuuliza shemeji kwa nini alinyamaza akaniacha nihangaike miezi mitano, nitapike ziwani, nilie mbele ya watu wa Kidahwe, naye akajibu, "Nilitaka kukuambia wiki ile ile, shemeji, akanikataza. Alisema, ukimwambia zipo, hatakuja tena."

Shemeji, nakushukuru kwa kunificha siri hiyo, kwa sababu hizo ndizo Jumamosi bora kuliko zote nilizowahi kuishi. Nawe kaka, ulinijua vizuri kuliko nilivyojijua, hukukosea, kweli nisingekuja, na hilo ndilo ninalokuomba radhi leo mbele ya watu wote hawa, kwa kuwa kosa la uwanja wewe ulishanisamehe zamani. Pumzika kwa amani, kaka yangu Anatoli, na usinitafutie tena sababu.