Jabez Lockwood, Fundi Umeme wa Hagg Royd, Aliyezima Mota

Marehemu Jabez Lockwood alizaliwa tarehe 4 Machi 1864 hapa Hagg Royd, Yorkshire, akiwa mtoto wa pili wa mzee Eli Lockwood, mchimba makaa, ambaye ametutangulia, na mama Hannah, ambaye ameketi hapa mbele. Mimi ninayesoma ni Tamar, mdogo wake wa mwisho. Mchungaji ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya kanisa hadi umri wa miaka kumi na miwili, akaimaliza akiwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake. Jumatatu iliyofuata alishushwa mgodini, akapewa mpini wa pampu ya mkono, asukume maji kutwa nzima huku mwenyewe amesimama ndani ya hayo maji hadi magotini. Alifanya hivyo miaka minne. Mwaka 1885 alianza kutembea kwenda Barnsley kila Jumamosi, maili sita, kusomea umeme. Baba alikuwa akimtania mezani: "Huo umeme unaliwa na mkate?" Jabez akamjibu, "Hapana, baba, lakini unatoa maji. Magoti yangu yamechoka kuoga."

Mwezi Mei 1889 pampu ya kwanza ya umeme ililetwa Hagg Royd. Dinamo ilifungwa juu, waya ukateremshwa shimoni, na Jabez ndiye aliyeiunganisha. Tabaka la chini la makaa, lililokuwa limefunikwa na maji tangu alipokuwa mtoto, likakauka ndani ya wiki tano. Wanaume waliozoea kulala chali matopeni wakichonga makaa waliketi mahali pakavu wakala mkate wao. Hakuna aliyempongeza kutoka ofisini, lakini wachimbaji walimbeba mabegani hadi nyumbani, na mama akawafokea kwa kumchafulia sakafu.

Tarehe 12 Septemba 1891 alifunga ndoa na Selina Firth katika kanisa hili. Selina anasema alipochumbiwa alitazamia maua. Badala yake Jabez alimpeleka chumba cha dinamo, akamsimamisha pale akamwambia, "Sikiliza. Ikizunguka sawasawa inaimba." Selina akamwuliza, "Jabez, umenileta hapa unioe mimi, au nishuhudie ukiioa hii?" Walijaliwa watoto wawili, Edith na Herbert.

Mwaka 1899 ikaja mashine ya kukatia makaa, lile gurudumu lenye meno linalozungushwa na mota. Jabez hakuichukia, msije mkasema hivyo. Aliwafundisha wengi wenu kuitumia. Alichosema ni hiki, na alikisema mezani kwangu zaidi ya mara moja: "Pampu inakaa mahali pamoja, unaijua. Hii inatambaa, inaburuta waya wake juu ya mawe mpaka ngozi ya waya inachunika. Na mota yake inatoa cheche." Aliomba waya mpya. Aliomba kifuniko madhubuti cha mota. Akaletewa utepe wa kufungia waya uliochunika.

Jumatatu tarehe 5 Februari mwaka huu, 1906, aliinua taa yake karibu na dari ya njia ya mashariki huko mgodini, na mwali ukavaa kofia ya buluu. Kila mtu aliyepo hapa anajua maana yake ni gesi. Kanuni za serikali, zilizobandikwa ukutani kando ya mlango wa ofisi, zinasema ukiiona, zima umeme. Alizima. Meneja, Bwana Sugden, akateremka mwenyewe. Waliokuwapo wamenisimulia neno kwa neno.

"Nani kakwambia uzime?"

"Taa, Bwana Sugden. Njoo uitazame."

"Taa haiongozi mgodi huu. Washa."

"Washa wewe kwa mkono wako. Ila nipe kwanza nafasi nipande juu nikawaambie wake za watu hawa."

Akaondolewa kwenye mashine papo hapo, akarudishwa kulinda pampu. Fundi mwingine akawekwa mahali pake. Simtaji kwa ubaya. Alikuwa na watoto watano, aliambiwa washa, naye pia amekufa.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, njia ya mashariki ililipuka moto. Jabez alikuwa kwenye pampu, hatua chache kutoka kwenye lifti. Angeweza kupanda akanywa chai. Alikwenda upande wa moshi. Kwanza alikata umeme kwenye sanduku la swichi, kwa sababu watu walikuwa wanatambaa gizani juu ya waya uliochunika. Kisha akaingia akamvuta mchimbaji Wilf Haigh kwa mkanda wa suruali. Akarudi mara ya pili, na hiyo ndiyo iliyomuua. Watu watatu hawakutoka.

Aliugua siku tisa katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Selina alimnywesha chai kwa kijiko. Mikono ile yenye mwandiko mzuri sitaieleza. Alinishika kwa sauti tu, akasema, "Tamar, pampu bado inakwenda? Wenzetu bado wako chini." Alifariki Alhamisi tarehe 15 Februari, saa mbili asubuhi.

Jumamosi kikao cha uchunguzi wa kifo kilikaa kwa muda usiozidi wa chakula cha mchana. Bwana Sugden aliapa kwamba marehemu aliacha pampu bila ruhusa, na kwamba kifo chake ni uzembe wake mwenyewe. Wilf Haigh aliketi nje ya mlango tangu asubuhi, mikono imefungwa bandeji, akingoja kuitwa. Hakuitwa.

Jana karani wa kampuni alikuja nyumbani na shada la maua na karatasi ya kusomwa leo, iliyokwisha kuandikwa. "Dada Tamar," alisema, "kampuni inaona ingetosha kusema tu kwamba Bwana alimtwaa."

Nikamwambia, "Bwana hakushuka njia ya mashariki Jumatatu. Alishuka Sugden."

"Fikirini nyumba, dada. Nyumba hii ni ya kampuni."

Wifi yangu Selina aliinuka, akamrudishia shada lake, akamfungulia mlango. "Waambie tutahama," alisema. Kisha akanigeukia: "Soma yote, wifi." Basi nimesoma yote.

Marehemu ameacha mama yake Hannah, mjane wake Selina, watoto wawili Edith na Herbert, mimi mdogo wake, na Wilf Haigh, ambaye hawezi kushika jeneza kwa vidole lakini atalibeba kwa bega.

Bwana Sugden, nakuona pale langoni. Kofia yako ingali kichwani. Ivue, tumzike mtu wetu.

Mungu ampumzishe Jabez Lockwood kwa amani.